Kijakazi, Karama na Alama ya X

Shafi Adam Shafi ameandika riwaya mbili ambazo yeyote anayetaka kuyahukumu Mapinduzi ya Zanzibar hana budi kuzisoma pamoja. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) tunakutana na Kijakazi, mtumishi aliyezeekea kwenye kasri la bwana shamba, aliyetukanwa na kudhalilishwa hadi akaamini kwamba hayo ndiyo maisha aliyoandikiwa. Mapinduzi yanapofika, Kijakazi hayaelewi kwa wepesi. Mtu aliyemtesa bado ni bwana wake. Haini (2003) inatupeleka kwenye kipindi baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Karume, Aprili 7, 1972, ndani ya magereza ambamo watu wanateswa ili wakiri uhaini. Mwandishi ni yule yule, na visiwa ni vile vile. Wasomaji wengi humchukua Shafi mmoja wakamwacha wa pili, kulingana na upande wa siasa walikolelewa. Naona wote wawili wanasema kweli.

Tuanze na ukweli wa Kijakazi. Katika uchaguzi wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata takriban asilimia 54 ya kura, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. Uhuru wa Desemba 10 ukakabidhiwa kwa waliopata kura chache. Watu walikuwa wamefuata njia ya amani, wamepanga foleni, wamepiga kura, na wingi wao haukuwapa kitu. Anayelaumu kwamba hawakusubiri ana deni la kutuambia wangesubiri hadi lini. Baada ya mapinduzi ya Januari 12, 1964, ardhi ilitaifishwa, wakulima wakagawiwa ekari tatu tatu, na Septemba mwaka huo elimu ikatangazwa kuwa bure. Kwa mtoto wa mchuma karafuu, darasa lile lilikuwa jambo kubwa kuliko nadharia zote za wanafalsafa.

Lakini siku zile zile watu waliuawa kwa maelfu, wengi kwa sababu tu ya asili yao, na wengine wakakimbilia bara, Oman na Ulaya. Uchaguzi wa Zanzibar yenyewe haukufanyika tena hadi 1980.

Hapo namkumbuka Karama. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anamsimamisha kizimbani kijana anayeshtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mambo mema, kisha wakafungwa waliporudi. Neno linashinda, na wafungwa wanaachiwa. Ni rahisi kumweka Karama kapu moja na Edmund Burke, aliyeyakemea mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1790 kwa kuogopa kwamba yatafuta busara iliyokusanywa na vizazi. Wote wawili hawapendi kuvunja kwa ghafla. Hata hivyo wanatofautiana katika jambo kubwa: Burke anaulinda urithi, Karama anaushtaki. Hadai mambo ya kale yabaki. Anadai yahojiwe hadharani, na mtawala akae asikilize. Kwangu madai hayo ni mazito kuliko ya Burke, kwa sababu Kijakazi naye anaweza kuyadai.

Tena anaweza kuyadai mtu wa upande ulioshindwa. Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, anamleta Saleh Omar katika By the Sea (2001): mfanyabiashara aliyepoteza nyumba na kufungwa miaka mingi, sasa ni mzee anayeomba hifadhi kwenye uwanja wa ndege wa Gatwick, akiwa na kijisanduku cha udi ambacho ofisa wa uhamiaji anamnyang'anya. Mtu huyu hawezi kufutwa kwenye hesabu kwa kuelezwa kwamba wengine walipata shule. Shule zilijengwa, ndiyo. Nyumba yake haikurudi, na hakupata pa kusimama akaulizia. Katiba ya Zanzibar ilikuja kuandika haki za msingi mwaka 1984, miaka ishirini baada ya Januari ile.

Huku kwetu Kibamba, Dar es Salaam, hatukuwa na mapinduzi, ila tunayajua mabadiliko ya ghafla. Mwaka 2017, kando ya barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, nyumba zilizoangukia ndani ya mita 121.5 za hifadhi ya barabara zilichorwa X nyekundu, alama ya kubomolewa. Waliowahi waling'oa wenyewe mabati, milango na nondo za madirisha. Waliochelewa waliokota kilichobaki baada ya tingatinga. Wenye nyumba waliambiwa ni wavamizi, hivyo hakuna fidia. Leo barabara imepanuka kuwa njia nane hadi Kibaha, na anayetoka kazini mjini anafika nyumbani mapema kuliko zamani. Nami naitumia na kuifurahia.

Ukiuliza wakazi wote kama hali ni nzuri kuliko mwanzo, wengi watasema ndiyo, na watakuwa sahihi. Mwenye nyumba iliyobomolewa ni mmoja kati ya wengi, jibu lake litazama katika ndiyo zao. Ningeitaka barabara hii hii, upana huu huu. Ningetaka pia kwamba kati ya siku ya rangi nyekundu na siku ya tingatinga kila mwenye nyumba aitwe kwa jina, aje na karatasi zake za ununuzi, na mbele yake akae mtu mwenye mamlaka ya kusema nyumba hii isubiri kwanza.