Chokaa Inayolinda, Chokaa Inayopofusha

Kwa wachenjuaji wa marudio, yaani mabaki ya mawe ya dhahabu, wa Katoro, Nyarugusu au Kakola, mpangilio ni mmoja: chokaa hutangulia, sayanaidi hufuata. Atakayegeuza mpangilio huo anaweza asipate nafasi ya pili. Sayanaidi iliyomo majini hutulia pale tu maji yanapokuwa na alikali ya kutosha. pH, namba inayopima tindikali na alikali, ikiwa 10.5, kama asilimia 5 ya sayanaidi huru huwa imegeuka hidrojeni sayanaidi, gesi inayoua kwa kuvutwa. Ikiwa 10, ni asilimia 15. Ikishuka hadi 9.2, ni nusu nzima. Namba hiyo moja hubeba uhai wa wafanyakazi na pia mfuko wa mwenye mtambo, maana gesi inayotoroka ni sayanaidi aliyoinunua kwa fedha yake.

Ajabu ni kwamba uchenjuaji kwa sayanaidi ulitangulia kipimo cha pH chenyewe. John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest, wote wa Glasgow, walipata hataza ya njia hiyo mwaka 1887. Neno pH lilikuwa halijazaliwa. Lilikuja mwaka 1909, na halikutoka mgodini bali kwa wapika bia: mkemia S.P.L. Sørensen alilibuni katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, mitambo ya dhahabu ilihesabu chokaa kwa uzito, ratili kadhaa kwa kila tani ya mawe. Ili kujua kama imetosha, mtu wa maabara alichukua maji kidogo, akatia matone ya finofthalini, maji yakawa ya waridi, kisha akadondosha tindikali tone kwa tone hadi rangi ipotee. Wingi wa tindikali ulimwambia alikali iliyobaki. 

Mgodi wa zamani wa Geita ulianza uzalishaji katika enzi hizo, mwaka 1936, ukafungwa mwaka 1966. Miaka miwili kabla haujaanza, mkemia Arnold Beckman wa California aliombwa msaada na rafiki yake aliyefanya kazi na wakulima wa malimau. Rafiki alitaka kupima ukali wa maji ya limau, na kifaa alichokuwa nacho kilimshinda. Beckman akaunganisha elektrodi ya kioo na kikuza umeme imara, akaweka kila kitu ndani ya sanduku moja. Mita ya pH ikawa kitu cha kubebwa.

Tangu hapo hadi leo, moyo wa kifaa ni tufe dogo la kioo chembamba kwenye ncha. Kioo hicho hutoa umeme mdogo mno, takriban milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH, nao hupita katika ukinzani wa mamilioni ya omu. Umeme dhaifu namna hiyo huvuja kwa sababu ndogo. Unyevu ukiingia kwenye kiungo cha waya, usomaji huelekea 7 hata kama tangi lina 10.5, na pampu inayotii usomaji huo huendelea kumwaga chokaa isiyohitajika. Nani atayazuia maji katika mitambo inayooshwa kwa mpira kila zamu?

Lakini adui mkubwa ni chokaa yenyewe. Ile inayowalinda watu dhidi ya gesi huganda juu ya kioo kama ukoko wa birika la maji ya chumvi. Kadiri ukoko unavyonenepa, elektrodi huchelewa kuhisi mabadiliko, hadi inafika mahali inasoma namba ya jana. Mtazamaji anaona 10.5 imetulia kwenye skrini na anafurahi, kumbe ndani ya tangi hali imeshabadilika. Sayanaidi na salfaidi nazo hupenya na kushambulia madini ya fedha yaliyo katika elektrodi ya rejea, ile ya kulinganishia. Mawe yenye salfaidi, kama ya mgodi wa Bulyanhulu, huongeza taabu, kwa sababu hula alikali na kulazimisha chokaa zaidi.

Dawa ya ukoko ni tindikali hafifu, na hapo fundi hujikuta ameshika hatari mkononi. Kipimo kimetoka kwenye tope lenye sayanaidi. Kikitumbukizwa moja kwa moja kwenye tindikali, gesi ileile hutoka mbele ya pua yake. Lazima akisuuze kwanza kwa maji mengi, ndipo tindikali, kisha maji tena, kisha akilinganishe na bafa (maji ya pH inayojulikana) za 7 na 10, huku amesimama juu ya tangi, jua na vumbi vikimpiga.

Migodi mikubwa ya kizazi kipya ilifika na mitambo yake: Geita ilifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2004, kampuni ya Endress+Hauser ilitoa kihisi cha pH cha Memosens. Katika kihisi hicho umeme dhaifu hugeuzwa kuwa tarakimu ndani ya kichwa cha kihisi, kisha tarakimu hizo huvuka kwenda kwenye waya bila chuma kugusa chuma. Maji hayana tena mahali pa kuharibu. Kihisi pia hutunza kumbukumbu za ulinganishaji wake, kwa hiyo kinaweza kuoshwa na kulinganishwa maabara, kwenye meza, na fundi akapanda tangini kubadilisha tu.

Hiyo ni nafuu ya kweli, ingawa wauzaji huisifu kupita kiasi. Tarakimu zimeponya waya. Kioo bado ni kioo, na chokaa bado inaganda.

Kwenye vati ndogo, yaani matangi ya wachenjuaji wa marudio, kipimo kinachonunulika kirahisi ni karatasi ya kubadili rangi. Ni bei nafuu na haina waya wa kuoza, ila tope jekundu huichafua na kuidanganya. Mwenye vati, acha maji yatuame, chovya karatasi kwenye maji meupe ya juu, na usifungue sayanaidi kabla rangi haijaonyesha zaidi ya 10.