Runzewe wanajenga upya kwa baba: je, mahame yatasalia?

Nusu karne imetimia tangu ukomo wa Operesheni Vijiji, mwaka 1976, na katika ukanda wa Runzewe, wilayani Bukombe, familia ziko kwenye ujenzi. Nyumba ya baba ya tofali mbichi inabomolewa, tofali za kuchoma zinapangwa, bati la msauzi linapanda juu. Fedha zimetoka kwenye tumbaku, ng'ombe, maduka ya barabara kuu iendayo Lusahunga, na kwenye maduara ya dhahabu.

Kujenga kwa wazazi ni heshima, na anayejenga hastahili lawama. Hata hivyo, fundi anapoanza kwa kung'oa ua wa minyaa, kukata mwembe na kusawazisha kiwanja kizima ili geti likae vizuri, familia inapoteza ushahidi wa mahali ilipotoka. Katika ukanda huu ushahidi huo ulishapotezwa mara mbili kwa amri ya serikali. Si haki tuupoteze mara ya tatu kwa mikono yetu.

Anayetaka kujua kaya ya zamani ilivyopangwa aende Makumbusho ya Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Jiji la Mwanza. Kituo hicho kilianzishwa na Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Pale ipo nyumba ya mganga, ipo ya mfua chuma, na lipo jengo la hazina ya watemi lililopewa umbo la kiti cha mtemi. Kanisa lenyewe ni la duara, kwa kufuata msonge.

Bujora inasimulia Usukuma, na Runzewe kwa asili ni nchi ya Wasumbwa. Lakini wafugaji wa Kisukuma wameishi na Wasumbwa muda mrefu, na kaya zao zimefanana mengi: ua wa minyaa, zizi ndani ya boma, vihenge vya nafaka, na shikome, moto wa jioni ambapo wanaume na vijana walikaa kuongea. Ngitili, eneo la malisho lililotengwa kwa ajili ya kiangazi, nalo lilihesabiwa kuwa sehemu ya nyumbani.

Nyumba za pembe nne zilienea pamoja na misheni, ambayo Ushirombo ilifunguliwa mwaka 1891, na baadaye pamoja na pamba na biashara. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ilikusanya watu wa magharibi ya Tanganyika katika makazi ya pamoja ili kupambana na malale, na vijiji vingi vya kale vikarudi kuwa pori la mbung'o. Utemi ukafutwa mwaka 1963.

Kisha ikaja operesheni. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na akatoa muda hadi mwisho wa 1976. Mkoani Shinyanga, ambako Bukombe ilikuwa wakati huo, kazi ilipamba moto mwaka 1974. Watu walipakiwa kwenye malori pamoja na milango, mitungi na kuku, wakashushwa kwenye viwanja vilivyopimwa kwa mistari kando ya barabara. Sehemu nyingi za nchi nyumba ziliezuliwa au kuchomwa moto ili mwenyewe asirudi. Mashamba na ngitili vikabaki mbali, makaburi ya wazee vilevile.

Kule nyuma yakabaki mahame. Hayakuwa na paa tena, lakini kila aliyepita alisoma: pale penye mduara wa minyaa palikuwa kwa fulani.

Ugomvi wa mahame uliishia mahakamani, na kesi iliyovuma zaidi ilitoka Kambi ya Simba, wilaya ya Mbulu ya wakati ule. Baba na mwanawe walifungua shauri Arusha kudai ardhi yao ya kimila iliyochukuliwa wakati wa operesheni, na mwaka 1987 wakashinda. Kesi za aina hiyo zikaongezeka. Serikali ikaona vijiji vitavurugika, na mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kufuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa wakati wa operesheni na kuzizuia mahakama zisisikilize madai hayo. Baba na mwana hawakunyamaza. Walikwenda Mahakama Kuu kuipinga sheria yenyewe, wakashinda tena. Mwanasheria Mkuu akakata rufaa.

Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema wazi: haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Kifungu kilichofunga milango ya mahakama nacho kikaanguka. Kwa kila familia ya Shinyanga na Geita yenye mahame, hukumu hiyo ilikuwa na maana kubwa.

Ardhi nayo ilikuwa imelipa gharama ya operesheni, ngitili nyingi zikiwa zimeachwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu HASHI, uliorudisha ngitili kwa kuwategemea wananchi wenyewe. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 maelfu kwa maelfu ya hekta yalikuwa yameota miti tena, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kumbukumbu ya wazee ndiyo iliyoonyesha ngitili ya nani ilikuwa wapi.

Katika miongo hiyo mambo mengine nayo yalikwenda mbio. Bukombe ilipata kuwa wilaya mwaka 1995, ikahamia mkoa mpya wa Geita mwaka 2012, na dhahabu ikabadilisha bei ya kiwanja.

Mwalimu mwenyewe alipong'atuka alirudi Mwitongo, Butiama, kwenye boma la baba yake, Mtemi Burito, na mwaka 1999 akazikwa hapo. Taifa linapaheshimu kwa makumbusho. Heshima hiyo ni haki pia ya kaya ya mkulima wa Runzewe.

Haihitaji fedha nyingi. Kabla msingi haujachimbwa, mwiteni mzee aonyeshe zizi lilikuwa wapi, shikome wapi, makaburi wapi, kisha ramani ya fundi ifuate hapo. Acheni minyaa iwe uzio hata kama geti ni la chuma. Na kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila, halmashauri ya Bukombe isaidie familia kupima mahame yao na kuyaandikisha, kwa sababu kilichoandikwa hakihamishwi kwa urahisi.