Meza ya Uhuru na Kitabu cha Majina

Mataifa huadhimisha siku zao kuu kwa gwaride, kwa hotuba, na kwa chakula. Katika mji wa New York, mahali Pearl Street inapokutana na Broad Street, iko nyumba ya matofali iitwayo Fraunces Tavern. Chini ni mkahawa. Juu ni makumbusho. Ifikapo tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, wako wapendao kula hapo ili waonje chakula na historia kwa pamoja. Yafaa tuulize ni historia ipi iliyoandaliwa mezani.

Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1719 kwa ajili ya Stephen DeLancey, mfanyabiashara tajiri. Mwaka 1762 ilinunuliwa na Samuel Fraunces, akaifanya mkahawa na kuuita Kichwa cha Malkia, kwa heshima ya Charlotte, mke wa Mfalme George wa Tatu. Basi mahali panapotukuzwa leo kwa ajili ya uhuru palianza maisha yake ya mkahawa chini ya jina la kifalme.

Sifa kuu ya nyumba hii yatokana na mwaka 1783. Tarehe 25 Novemba majeshi ya Uingereza yaliuhama mji, na Gavana George Clinton akamfanyia karamu humo Jemadari George Washington. Siku tisa baadaye, tarehe 4 Desemba, Washington aliwaaga maofisa wake katika chumba kirefu cha ghorofani, na machozi yalitoka. Hiyo ndiyo habari isimuliwayo zaidi.

Lakini mwaka huohuo, tangu Mei hata Novemba, kila Jumatano lilikutana humo baraza la maofisa wa Kiingereza na wa Kimarekani kusikiliza mashauri ya watu weusi. Hao walikuwa wamewatoroka mabwana zao wakakimbilia upande wa Waingereza, walioahidi kuwapa uhuru. Mkataba wa amani ulikataza Waingereza kuondoka na watumwa wa Wamarekani. Mwezi wa Mei Washington alikutana na Sir Guy Carleton huko Tappan, akadai warudishwe. Carleton alikataa, akisema ahadi iliyotolewa haivunjwi. Ila alikubali majina yao yaandikwe. Chakula cha mkutano huo kilisimamiwa na Fraunces yuleyule.

Ndivyo kilivyopatikana kitabu chenye majina ya watu wapatao 3,000, wanaume, wanawake na watoto. Mmoja wao ni Harry Washington, mzaliwa wa Afrika, aliyekuwa mtumwa wa jemadari mwenyewe huko Mount Vernon. Julai 1783 alisafiri kwenda Nova Scotia, na mwaka 1792 akahamia Sierra Leone. Huko, mwaka 1800, alihesabiwa miongoni mwa walowezi walioasi kodi ya ardhi ya kampuni iliyowatawala, akahamishwa. Kukataa kodi kulimtukuza bwana. Mtumwa wake wa zamani kulimtia uhamishoni.

Huenda mtu akasema kuwa karamu si baraza, na haifai kuwatia wageni simanzi. Neno hilo lina uzito, kwani hakuna taifa liwezalo kuishi kwa kujilaumu tu. Lakini tazama nyumba yenyewe. Mwaka 1904 ilinunuliwa na chama cha wazao wa wapiganaji wa vita vya uhuru, ikajengwa upya, na kufunguliwa tarehe 4 Desemba 1907. Na sehemu kubwa ya sura yake ya sasa ni makisio ya msanifu wa majengo. Kuta tunazozistaajabia ni dhana ya karne ya 20, hali kitabu cha majina kiliandikwa siku zilezile, na watu waliowaona wenye majina uso kwa uso.

Mwenye kutaka kuwakumbuka waasisi kwa haki na ale karamu yake kwa furaha. Ila baada ya kula asome na majina hayo, kwani wenye majina nao waliutafuta uhuru katika nyumba hiyohiyo.