Mtunzi chipukizi na mali zake mbili: Wimbo na koo

MWIMBAJI chipukizi anayetunga nyimbo zake mwenyewe huingia katika uwanja wa muziki akiwa na mali mbili tu: wimbo wake na koo lake. Hana bendi, hana studio, na aghalabu hana mwalimu. Mali hizo hufanana kwa jambo moja. Zote mbili hudumaa zikifichwa chumbani, na zote mbili huweza kupotea zikitolewa nje kwa pupa. Wimbo hupotea unapochukuliwa na mwingine kabla mwenyewe hajaweka ushahidi wa kuutunga. Sauti nayo hupotea inapotumikishwa kupita uwezo wake.

Ndiyo maana kumwimbia mwenzako wimbo mpya si jambo la kubahatisha. Lina utaratibu wake, na anayeufuata hufaidi kwa njia mbili: wimbo husahihishwa na sauti hukomaa.

Chimbuko la kupeana nyimbo

Nchini Kenya, watunzi wa aina hii hupatikana katika kwaya za makanisa, vilabu vya muziki shuleni na vyuoni, na vikundi vya taarab vya pwani. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanzishwa mwaka 1927, limewapa wanafunzi wengi fursa yao ya kwanza ya kuimba mbele ya waamuzi wanaoeleza kasoro na ubora wa kila wimbo. Kundi la Sauti Sol lilianzishwa jijini Nairobi mwaka 2005 na vijana waliokuwa wameimba pamoja katika Shule ya Upili ya Upper Hill, kabla ya kutoa albamu yao ya kwanza, Mwanzo, mwaka 2008.

Desturi ya kupeana nyimbo ni kongwe zaidi huko Mombasa na Lamu. Katika taarab ya pwani, mara nyingi malenga hutunga shairi na kumpa mwimbaji alitafutie mahadhi. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi mengi yaliyotungwa na jamaa yake, mshairi Ahmad Nassir. Utaratibu huo ulikuwa na faida moja kubwa: maneno yalipimwa na mtu wa pili kabla ya kufika kwa umma. Kijana anayetunga na kuimba peke yake huikosa faida hiyo, na hana budi kuitafuta kwa wenzake.

Kikao cha kusikilizana

Kikao chenye manufaa hakihitaji watu wengi. Wanne au watano wanatosha, ilmradi kila mmoja alete wimbo wake. Mtunzi huimba mara ya kwanza bila kutanguliza maelezo, kwa sababu wimbo utakapotoka nje hautaambatana na mtu wa kuueleza. Akimaliza, wasikilizaji husema walichokikumbuka. Iwapo hakuna aliyekumbuka kiitikio, basi kiitikio hicho hakijakamilika hata kama mtunzi anakipenda mno.

Baadaye wimbo huimbwa mara ya pili, na wasikilizaji hutaja mahali ambapo neno halikusikika au sauti ilitetereka. Mtunzi huandika maoni hayo bila kujitetea. Akilalamika msikilizaji mmoja, huenda ni suala la ladha. Wakilalamika watatu kuhusu mstari ule ule, kasoro iko katika mstari.

Linalobaki ni kutambua kama kasoro hiyo ni ya wimbo au ni ya koo. Njia rahisi ni kumpa mwenzake auimbe. Mwenzake naye akikwama pale pale, utunzi ndio unaohitaji kurekebishwa. Akipita salama, mwenye wimbo ndiye anayehitaji mazoezi. Watunzi wengi hubadilisha maneno mazuri kwa sababu tu koo lao halikuwa tayari, na wengine hulikaza koo kwa miezi mingi kupigania mstari uliotungwa vibaya.

Lugha ndani ya mahadhi

Kiswahili humsaidia mwimbaji. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na ni irabu inayoweza kuvutwa kwa muda mrefu. Hata hivyo, irabu zote tano hazilingani. Katika vidatu vya juu, a na o humfungulia mwimbaji kinywa, ilhali i na u humbana. Mtunzi anayejua hivyo hupanga silabi ya kidatu cha juu kabisa iangukie irabu iliyo wazi.

Mkazo nao ni suala la maana. Katika Kiswahili, mkazo kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mahadhi yakiupeleka kwingine, neno huharibika au hugeuka maana. Neno barabara likitamkwa kwa mkazo kwenye silabi ya tatu humaanisha njia ya magari. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili, humaanisha sawasawa. Dawa yake ni kuyasoma maneno kwa sauti ya kawaida, kupiga mstari chini ya silabi zenye mkazo, kisha kuhakikisha kwamba silabi hizo ndizo zinazoangukia mapigo mazito ya muziki.

Arudhi za ushairi pia husaidia katika pumzi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, na hugawika katikati kuwa ukwapi na utao vyenye mizani 8 kila kimoja. Mgao huo humpa mwimbaji mahali pa kuvuta pumzi bila kulikata neno. Hata anayetunga kwa mtindo huru anafaa kuweka alama ya pumzi katika karatasi yake kabla ya kuanza mazoezi.

Jinsi sauti inavyofanya kazi

Sauti hutokea pale hewa kutoka mapafuni inapopita kati ya nyuzi mbili za sauti zilizo ndani ya koromeo na kuzitikisa. Nyuzi hizo ni ndogo mno. Za mwanamume mzima hazizidi milimita 25 hivi kwa urefu, na za mwanamke ni fupi zaidi. Kidatu cha La ambacho wanamuziki hukitumia kupatanishia ala kina mitikisiko 440 kwa sekunde. Anayekiimba kwa sekunde 5 huwa amezigonganisha nyuzi zake mara 2,200. Hesabu hiyo pekee yatosha kueleza kwa nini saa nzima ya kupaza sauti bila maandalizi hulidhuru koo.

Nguvu ya kuimba hutoka chini ya koo. Msuli wa kiwambo, ulio kati ya kifua na tumbo, hushuka wakati wa kuvuta pumzi na kuyapa mapafu nafasi ya kujaa. Anayeinua mabega anapovuta hewa hupata pumzi fupi. Zoezi la msingi ni kusimama wima, kuvuta pumzi hadi mbavu za chini zitanuke, kisha kuitoa taratibu kwa mlio wa 's' huku akihesabu. Lengo ni mlio usioyumba tangu mwanzo hadi mwisho, wala si kushindania idadi.

Kabla ya kuimba, dakika 10 za kupasha sauti moto zinatosha. Mwimbaji anaweza kuvumisha sauti midomo ikiwa imefungwa, au kuitetemesha midomo mfano wa mtoto anayeigiza mngurumo wa gari, akipanda na kushuka ngazi ya do-re-mi kwa upole. Zoezi jingine ni kutoa sauti kupitia mrija uliotumbukizwa kidogo katika glasi ya maji. Mazoezi haya hupunguza kishindo cha nyuzi zinapogongana.

Kosa linalowasumbua wengi ni kuimba katika ufunguo wa msanii wanayemhusudu. Ufunguo hauna uhusiano wowote na ubora wa wimbo. Mtunzi anafaa kutafuta kidatu cha juu kabisa katika wimbo wake, akiimbe mara tatu mfululizo, na iwapo shingo inakaza, aushushe wimbo wote kwa nusu toni au toni nzima hadi shingo itulie.

Rununu kama mwalimu

Wengi hushtuka wanapojisikia kwa mara ya kwanza katika kanda au rununu. Mtu anapoimba, hujisikia kupitia hewa na pia kupitia mifupa ya kichwa chake, na mifupa hiyo huinenepesha sauti. Rekodi huondoa mchango wa mifupa na kubakisha kile ambacho wengine hukisikia siku zote. Mshtuko huo haupaswi kumkatisha mtu tamaa, kwani kila mwimbaji aliupitia.

Chumba chenye godoro, mapazia na nguo hupunguza mwangwi na kufaa zaidi kuliko sebule tupu. Simu iwekwe umbali wa mkono mmoja hivi. Mtunzi asikilize jambo moja kwa kila zamu: kwanza vidatu, kisha mapigo, kisha matamshi, na hatimaye pumzi. Anayesikiliza yote kwa pamoja huishia kusema tu kwamba sauti yake ni mbaya, kauli ambayo haimwonyeshi pa kuanzia.

Kulitunza koo

Kuna imani kwamba mayai mabichi, asali au tangawizi husafisha nyuzi za sauti. Ukweli ni kwamba chakula na vinywaji hupita katika umio, ilhali nyuzi za sauti ziko katika njia ya hewa. Kinywaji cha vuguvugu huweza kuliliwaza koo, lakini hakigusi nyuzi zenyewe. Kinachozisaidia ni kunywa maji ya kutosha siku nzima, kuepuka moshi, na kupumzika.

Aidha, koo huchoshwa na mazungumzo kama linavyochoshwa na nyimbo. Mtu hupaza sauti bila kujijua akiwa ndani ya matatu yenye muziki wa juu, sokoni au karibu na spika za kanisani. Anayeimba jioni anafaa kuweka akiba ya sauti mchana. Akiwa na mafua au sauti imekwaruza, asilazimishe, kwa maana kugonganisha nyuzi zilizovimba huweza kuzisababishia vinundu. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu inahitaji kuchunguzwa na daktari wa masikio, pua na koo.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki ni wa wimbo Malaika. Mkenya Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, aliurekodi akiwa na kundi la Jambo Boys takriban mwaka 1960, na baadaye ukaimbwa na Miriam Makeba na wengine wengi duniani. Hata hivyo, suala la nani hasa aliyeutunga limezua ubishi kwa miongo mingi, na Mtanzania Adam Salim ni miongoni mwa wanaotajwa. Aliyerekodi alikuwa na ushahidi wa kushikika. Wengine walibaki na kumbukumbu na maneno ya mashahidi.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, wimbo hulindwa pindi unapoandikwa, kurekodiwa au kuwekwa katika umbo lolote la kushikika, mradi mtunzi ametia juhudi ya kutosha kuufanya uwe wake halisi. Wazo tupu halilindwi, wala mahadhi yaliyo kichwani tu hayalindwi. Ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kusajili kazi katika Bodi ya Hakimiliki nchini, KECOBO, ni hiari, lakini cheti chake ni ushahidi mzuri mzozo unapotokea.

Kwa hivyo, kabla ya kwenda kikaoni, mtunzi anafaa kuandika maneno pamoja na tarehe, kuurekodi wimbo hata kwa rununu, na kuhifadhi nakala mahali pawili. Rasimu za awali zisitupwe, kwani ndizo zinazoonyesha safari ya utunzi. Iwapo mwenzake ametoa ubeti au kiitikio, mgao wa kila mmoja uandikwe na kutiwa sahihi siku ile ile, wimbo ukiwa bado hauna thamani ya fedha. Ni rahisi zaidi kukubaliana juu ya wimbo usiojulikana kuliko ule unaopigwa katika kila redio. Vilevile, anayetaka kujiunga na chama cha kukusanya mirabaha athibitishe kwanza kwamba chama hicho kina leseni halali ya Bodi.

Mtunzi aliyefanya hivyo hana sababu ya kuuficha wimbo wake kwa kuhofia kuibiwa. Anaweza kuuimba mbele ya wenzake, akaukosoa, akaushusha nusu toni, na kurudi wiki inayofuata akiwa na daftari lake na koo lililopumzika.