Siku ya Ndala

SIKU YA NDALA ni siku ya mchango wa hisani iliyozoeleka nchini New Zealand mwanzoni mwa Desemba, ambapo makarani na wanafunzi hupewa ruhusa ya kuacha viatu rasmi wakaenda kazini na shuleni wamevaa ndala, na kila mmoja, kwa kuistahiki ruhusa hiyo, akatoa sarafu kwa ajili ya waokoaji wa kujitolea wanaowalinda waogaji fukweni.

Asili. Vyama vya waokoaji hao vilianza Australia, ambako chama cha Bondi kiliasisiwa mwaka 1907, vikaenea New Zealand mwaka 1910. Walakini desturi ya kuuomba umma uwaauni waokoaji ni kongwe zaidi: baada ya waokoaji 27 kufa maji mwaka 1886 walipokuwa wakiiendea merikebu Mexico katika pwani ya Lancashire, Uingereza, Charles Macara aliandaa mjini Manchester, mwaka 1891, Jumamosi ya kuchangia mashua za uokozi, nayo huhesabiwa miongoni mwa michango ya kwanza ya hisani kukusanywa njiani.

Matumizi ya fedha. Mwokoaji hapokei ujira, lakini kazi yake haikosi gharama, kwani yahitaji mafunzo, mashua za mpira, mafuta, redio, na bendera za rangi nyekundu na manjano zinazoonyesha mahali salama pa kuogea. Kwa kuwa mfa maji hukamata maji, mwokoaji hufundishwa kumtangulizia boya kabla ya kumgusa, asije akakumbatiwa wakazama wote wawili. Na elimu hiyo haipatikani ila kwa mazoezi ya mara kwa mara.

Afrika ya Mashariki. Maafa ya meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuangamiza mamia ya watu, yalidhihirisha jinsi auni inavyohitajika karibu. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na mji wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi, akiwamo kijana Majaliwa Jackson, ndio waliowahi kwa mitumbwi yao, na watu 24 kati ya 43 wakanusurika. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umefundisha watoto, wasichana kwa wavulana, kuogelea na kuokoana. Fauka ya hayo, Umoja wa Mataifa uliiteua mwaka 2021 tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji, ambavyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kufikia 300,000 kwa mwaka huo.

Bukene na bara. Hata bara jambo hili linahusu. Bukene, kwa mfano, iliyoko wilayani Nzega, Tanzania, haina ufukwe. Lakini nchi hiyo ya Unyamwezi, ambako wapagazi walitoka na pembe kuteremka Bagamoyo, haijapata kutengana na maji, kwa sababu reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 huwachukua wasafiri wake hadi ziwani, na watoto wachungao ng'ombe hunywesha na kuoga katika malambo yasiyo na mlinzi. Dumu tupu lililozibwa vema na kufungwa kamba, likiwekwa kando ya lambo, laweza kumfikia anayezama pasipo mtu kujitosa. Kwa hiyo shule ya bara ikiiga Siku ya Ndala haitakuwa imeiga jambo la kigeni lisiloihusu: watoto wake wengi huja na ndala kila siku, basi na watoe wakubwa, na mchango huo ununue madumu, kamba na mafunzo ya kuogelea.