Watumwa Wako Wapi kwenye Vuta N'kuvute?

Huku Nyacheki riwaya ya Kiswahili ina jina moja tu: setibuku. Vikundi vya maigizo vinakuja shuleni na spika na mavazi ya kuazima, mtihani unapita, basi. Kwa hivyo nilipowawekea binamu zangu Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, niliwaambia kabisa: hii ni hadithi ya kilichobaki baada ya utumwa. Mmoja alivumilia nusu saa. "Sasa watumwa wako wapi?"

Swali zuri. Hakuna mnyororo hata mmoja. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, anamtoroka mumewe na kumpenda Denge, kijana anayewapinga Waingereza. Ni mapenzi na siasa.

Lakini angalia anatorokea wapi. Ng'ambo, kwa Mwajuma. Ng'ambo ya nini? Ya mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe wa nyumba za mawe na mitaa ya nyumba za udongo. Maji yale yalifukiwa, sasa ni barabara; daraja limebaki kwenye jina la soko la Darajani. Na upande ule ndiko watumwa wengi walioachwa huru walikwenda kuanza maisha.

Kuachwa huru kwenyewe kulikuwa kichekesho. Soko la watumwa lilifungwa 1873, sheria ya kuondoa utumwa ikaja Aprili 1897. Mtumwa hakuamka asubuhi akiwa huru. Ilibidi aende mahakamani kuomba. Aliyelipwa fidia ni bwana wake. Yeye alitakiwa aonyeshe ana makao na riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria hawakuguswa na sheria hiyo hadi 1909.

Halafu nguo. Mtumwa wa kike alijifunga kaniki, kichwa wazi, miguu pekupeku. Baada ya 1897 wanawake wa Ng'ambo walishika kanga, kisha buibui, vazi la waliokuwa mabibi zao. Siti binti Saad, aliyezaliwa na wazazi watumwa, alifika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za taarab.

Riwaya ingeweza kuyasema haya kwa aya moja. Filamu ina ukuta, kitambaa na kichochoro. Naona Shivji alifanya vyema kutotuwekea mzee wa kuhadithia. Minyororo ingetufanya tulie tu, halafu tuseme yameisha. Ila gharama ipo. Mtu wa Unguja akisikia "Ng'ambo" anajua. Binamu yangu aliona mtaa wa maskini, period.

Kwetu milimani tumezoea kusema utumwa ni mambo ya Pwani. Lakini kile cha "onyesha una makao na riziki" alikielewa haraka. Waingereza haohao walikuja Gusii na bunduki 1905, wakarudi 1908 baada ya Otenyo kumchoma Northcote mkuki, na kodi ya nyumba ikawasukuma watu kutafuta kibarua kwa mzungu.

Tulirudisha filamu nyuma hadi pale Yasmin anapofika kwa Mwajuma. Safari hii hakuna aliyeongea. Walikuwa wanaangalia kuta.