Kurudishia Bunduki Kilicho Chake

Ndani ya neno bunduki mna tembe. Waarabu waliita bunduq tunda dogo la kokwa gumu, kisha kitufe cha kurushwa, na mwishowe jina la kitufe likaenea silaha nzima. Mafundi wa Uingereza nao walipima bunduki zao za marisau kwa tembe. Bunduki ya "kumi na mbili" huitwa hivyo kwa kuwa ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa tembe kumi na mbili sawasawa, kila tembe huenea katika mtutu wake, wenye upana wa milimita 18.5 hivi. Ndiyo maana namba ikipanda upana hushuka, na bunduki ya ishirini huwa nyembamba kuliko ya kumi na mbili.

Kiswahili cha pwani kiliijua silaha hii mapema, na kwa undani. Kasiba ni mtutu, mdeki ni ufito wa kushindilia, kifa ni tundu la kuwashia. Palikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, na ya gumegume, iliyowashwa kwa cheche za jiwe. Ikaja ya viasi, ambayo baruti yake ilikwisha kupimwa kabla haijamfikia mwindaji. Lakini huo wote ni msamiati wa mpigaji, mtu wa kushindilia, kulenga na kufyatua. Atakayetaka kueleza yanayofanyika Birmingham au London, pale bunduki ya mitutu miwili ya miaka ya 1880 inapofika karakanani ikiwa na kutu, kitako kimepasuka na mitutu inacheza, hatayapata maneno yake humo.

Kwanza, huko hakuna fundi bunduki mmoja. Yupo wa mitutu, yupo wa mtambo, yupo wa kitako, yupo wa nakshi, na yupo wa kumalizia. Kwa huyo wa nakshi tuna jina la zamani lililo zuri kuliko lolote tunaloweza kubuni: mjume, fundi wa kupamba silaha za chuma, na kazi yake ni ujume. Maneno ya kazi za hao wengine tutayapata tukibisha hodi kwa mafundi majirani zake.

Mitutu mingi ya enzi hiyo ni ya chuma cha Dameski. Fito za chuma na pua zilisokotwa pamoja, zikazungushwa kwenye nondo, zikafuliwa motoni hadi zikashikana. Kusokota ni kitenzi cha msuka kamba, na hapa kinatosha bila nyongeza. Ili michirizi ya msokoto ionekane tena, fundi wa leo huutia mtutu kutu kwa makusudi, akaifuta, akairudia tena na tena. Chuma na pua haviliwi na kutu kwa namna moja, basi kila kimoja hutoka na rangi yake. Kutia kutu ni istilahi kamili, ingawa masikioni mwa mwenye bunduki inatisha.

Mitutu inayocheza ina kazi yake. Mahali inapokutana na mwili wa bunduki pamelika, pana uwazi mwembamba kuliko unywele. Fundi hupaka chuma masizi ya taa, akaifunga bunduki, akaifungua, akatazama masizi yamehamia wapi. Palipogusana hupitisha tupa kidogo tu, kisha huanza upya. Kazi hii naiita kuoanisha. Wanasarufi wamelizoea neno hilo mezani, nalo halitapungukiwa na kitu likienda kukaa penye jiliwa.

Juu ya mafundi wote yupo msimamizi. Nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813, na kazi yake ni kufyatua kila mtutu kwa baruti iliyozidishwa, kisha kuupiga chapa ukistahimili. Kwa chapa hiyo nachagua neno ithibati. Mtutu uliokwanguliwa ndani mno kuondoa mashimo ya kutu hupanuka, ukapoteza ithibati yake, na sheria ya Uingereza hairuhusu kuuza bunduki ya namna hiyo.

Limebaki jina la kazi nzima. Kutengeneza ni kupana mno, na kukarabati kunamwelekeza msomaji kwenye paa na barabara. Kiswahili kina kitenzi kinachojua zaidi: kurudishia. Kitako hurudishiwa mafuta ya kitani, mpini wake hurudishiwa mirabaraba iliyosagika kwa viganja, nakshi hurudishiwa mistari na mjume anayefuata mkono wa mjume aliyemtangulia. Kauli ya kutendewa inaifanya bunduki kuwa mwenye mali, na fundi kuwa mlipaji deni. Kisichodaiwa hakilipwi: kung'arisha kupita kiasi, kulainisha kingo, kuchora ua ambalo halikuwapo, vyote vinabaki nje ya kitenzi hiki.

Kitenzi hichohicho kinakiri pia mpaka wa kazi. Unene wa mtutu uliokwisha kukwanguliwa haurudishiki. Anayeshika tupa leo anaamua fundi wa miaka mia ijayo atabakiwa na chuma kiasi gani, na istilahi inayomkumbusha hilo kila anapoitamka imefanya kazi kubwa kuliko kutaja jambo tu. Wanaotunga istilahi zetu waanzie karakanani, kwa seremala, msuka kamba na mfua chuma, kabla hawajafungua kamusi ya Kiingereza.